Ramani ya Oman Mkekani

Safari ya Oman ilivunja ua wa jirani yetu kabla hatujakata hata tiketi moja, na nusura ivunje na udugu. Naisimulia kwa kirefu kwa sababu hapa Unguja nyumba zenye ndugu Muscat, Nizwa au Sur ni nyingi, na haupiti mwaka bila familia fulani kukaa kitako na kusema: safari hii hatuendi kushinda sebuleni kwa watu, tutakodi gari tuizunguke nchi.

Aliyeanza ni mwanangu wa kwanza. Alijifungia na kompyuta, akatoka na jedwali la rangi. Kwanza Muscat, kuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na soko la Matrah. Kesho yake Nizwa. Keshokutwa Salalah, kusini kabisa. Halafu Musandam, kaskazini kabisa. Kisha uwanja wa ndege. Kwenye kioo lilipendeza, kila mstari na rangi yake. Lakini kutoka Muscat hadi Salalah ni kiasi cha kilomita 1,000, na ukishaupita mji wa Adam njia inaingia katika uwanda mkubwa wa changarawe, ambako pa kunyoosha miguu na kujaza mafuta panapotegemewa na wasafiri ni Haima, katikati ya jangwa. Musandam nako kumetengwa: kati yake na Oman iliyobaki ipo ardhi ya Falme za Kiarabu, kwa hiyo mwenye gari anatoka Oman, anapita nchi ya watu, anaingia Oman tena, na kuna mihuri, viza na bima ya gari ya kushughulikia njiani.

Ami yangu, aliyezaliwa Malindi hapa mjini na kuhamia Muscat miaka ya sabini, alisomewa jedwali lote kwa simu. Alinyamaza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," akasema, "bibi yako atakula saa ngapi?"

Mwanangu akalitazama jedwali. Halikuwa na chakula. Halikuwa na sala, wala choo, wala ndugu yake mdogo ambaye gari likienda mwendo mrefu lazima atapike.

Hapo ugomvi ukaanza kwa dhati. Salalah ina sababu ya kupendwa: kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi huleta ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar, msimu ambao wenyewe wanauita khareef, na milima inakuwa kijani wakati kwingine Arabuni kunaungua. Mwanangu alizitaka picha zile. Dada yake akamwambia, basi twende Juni. Lakini Juni hiyohiyo joto la Muscat linapita nyuzi 40, na mtu mzima aliyekwisha kuchoka magoti humpandishi ngazi za ngome katika jua hilo. Desemba, watoto wakiwa likizo, Oman ya kaskazini hali yake ni nzuri, na usiku wa jangwani unataka sweta. Ila kijani cha Salalah kimeshapita. Vyote viwili havipatikani. Wengi wanaopanga kuizunguka nchi hupima kilomita na kusahau miezi, wakati miezi ndiyo inayoamua.

Salalah ikatolewa. Mwanangu alinuna, akala chakula chake barazani peke yake.

Baba watoto hakuwa na haja ya milima ya kijani. Alitaka ngome, na kila nikimsikiliza naelewa. Ngome ya Nizwa, yenye mnara mnene wa mviringo uliojazwa mawe na udongo ndani ili uhimili mizinga, ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyekuwa imamu pale Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Mume wangu amezaliwa Mombasa. Utoto wake umepita chini ya kuta zile.

"Mwisho wa kisa nimeuona," aliniambia. "Nataka nikauone na mwanzo."

Sikuwa na la kumjibu. Tatizo ni kwamba hakukomea Nizwa. Akaongeza Bahla, ngome ya matofali ya udongo iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987. Akaongeza Jabrin, kasri lenye dari zilizochorwa maua, ambamo Imamu Bil'arab bin Sultan aliyelijenga ndimo alimozikwa. Akaongeza Rustaq, akaongeza Nakhal. Binti yangu akauliza kama itapatikana siku moja ambayo hatutakuwa ndani ya kuta.

Yeye alitaka kasa. Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki kabisa ya Arabuni, kasa hupanda pwani kutaga mayai. Wengi huja miezi ya joto, lakini hata nje ya miezi hiyo hawakosekani kabisa. Watu hupelekwa na mwongozaji usiku au kabla ya alfajiri, bila kuwasha taa za kamera, kwani mwanga humfanya kasa arudi baharini bila kutaga. Mdogo wake alitaka Hawiyat Najm, lile shimo kubwa la chokaa karibu na Bimmah, lenye maji ya kijani na ngazi za kuteremkia. Alilala na picha yake chini ya mto.

Wakati sisi tunagombania miji, mume wangu alikuwa na wasiwasi mwingine. Oman wanaendesha upande wa kulia. Usukani uko kushoto, kipilefti kinazungukwa kinyume na hapa kwetu, na hata mkono wa indiketa umehama, hivyo mgeni anayetaka kukata kona huwasha waipa na jua linawaka. Akaona ajizoeze. Baada ya alasiri alipanga ndoo katika kiwanja cha nyuma ya nyumba, beseni kubwa la kufulia likawa kipilefti, akaanza kuzunguka na pikapu yetu, watoto wa mtaa wakimhesabia. Lakini pikapu yetu usukani wake uko kulia. Macho yakawa yanapima upande mmoja na gari linakaa upande mwingine. Katika kumkwepa kuku mwenye vifaranga aliingia na ubavu mzima kwenye ua wa makuti wa jirani, akaulaza chini kuanzia mlangoni hadi kwenye banda la kuni, pamoja na khanga zote zilizokuwa zimeanikwa juu yake.

Jirani yetu ni mama wa makamo asiyepandisha sauti. Alitoka, akahakikisha kuwa dereva ni mzima, akaanza kuokota khanga zake moja moja.

"Shemeji," akasema, "huko Oman kuta zao ni za mawe."

Mume wangu aliujenga ua ule upya kwa mikono yake, fito mpya na makuti mapya, na nilizidi kumheshimu. Ami alipopata habari alicheka mpaka akakohoa, halafu akatoa nasaha ambayo ningempa kila anayekwenda kuendesha ugenini: usichukue gari usiku ule ule unaoshuka kwenye ndege. Lala. Anza asubuhi ya Ijumaa, mji ukiwa umetulia kwa mapumziko ya wiki, uzoee upande wako bila kusukumwa na watu. Na barabarani usijidanganye kwamba jangwa halina macho. Barabara kuu mwisho ni kilomita 120 kwa saa, na kamera ziko.

Jambo la gari lenyewe lilituchosha zaidi. Mwanangu alikuwa ameshaweka oda ya gari dogo la bei nafuu, na baba yake alitaka kupanda Jabal Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio juu kiasi cha mita 2,000, kunakolimwa makomamanga na mawaridi. Lakini njia ya kule, baada ya Birkat al-Mawz, ina kizuizi cha polisi, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne halipiti. Siyo ukali wa bure: mteremko wa kurudi ni mkali, na gari dogo huunguza breki. Gari kubwa kwa safari nzima lilikuwa linakula fedha ya chakula. Ilizungumzwa kikao baada ya kikao, sauti zikapanda, mlango mmoja ukabamizwa. Mwisho nilikata mimi: gari la kawaida kwa safari yote, na mlimani tutapanda na dereva wa hukohuko mwenye gari lake. Jangwani vilevile. Kuingia kwenye michanga ya Sharqiya kunataka upunguze upepo wa matairi na ujue kuusoma mchanga, na wanaojua hayo ni watu wa Bidiya waliozaliwa nayo.

Ramani ya karatasi ililetwa na msafiri, zawadi ya ami. Tukaitandaza mkekani usiku, kila mtu na kalamu yake. Mdogo alitaka kuonyesha Hawiyat Najm kwa kidole, akakanyaga sinia, birika la kahawa likalala. Kahawa ikamwagika juu ya Muscat, ikateremka na pwani yote ya mashariki. Kelele zikapigwa. Mama yangu, aliyekuwa pembeni akichambua mchele wakati wote huo, aliweka ungo chini, akaja na ncha ya khanga yake, akaikausha ramani polepole isichanike. Akafika mahali akasimama.

"Hapa ndipo Sur?"

"Ndipo, mama."

"Baba yangu alikuwa mtu wa hapa."

Tulijua kwamba babu alitoka Arabuni. Mji gani, hakuna aliyewahi kuuliza, na mama si mtu wa kujisemea. Usiku ule alisema. Babu alikuja baharia katika jahazi la Sur, msimu wa kaskazi, na tende na papa mkavu. Majahazi yale yalikuwa yakirudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Msimu mmoja kusi ikavuma na yeye hakupanda. Alifariki mama yangu akiwa mdogo, na alichomwachia ni maneno machache: nyumba yao inatazama hori, na mafundi wanagonga majahazi tangu alfajiri.

"Mimi nipelekeni kwenye majahazi," akasema. "Mengine yenu."

Karakana ipo mpaka leo. Sur bado kuna mafundi wa majahazi ya mbao, na lipo pia jahazi la Fatah al-Khair, lililojengwa mjini humo mwaka 1951, likaja kupatikana Yemen na kurudishwa nyumbani mwaka 1993. Sasa limewekwa nchi kavu, watu wanakwenda kulitazama. Hori lipo, na ng'ambo yake uko mtaa wa al-Ayjah wenye mnara wa taa. Yote haya mwanangu aliyatafuta usiku uleule, akamsomea bibi yake mpaka saa saba, na kununa kwake kukaisha.

Mimi naamini safari ya familia inapaswa kuanzia kwa mwenye haja kubwa na kwenda kwa mwendo wa mwenye nguvu ndogo. Kwetu wote wawili walikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amekaa nasi chumba kimoja tangu jedwali la kwanza, akichambua mchele. Tulipokubali hilo ramani ikajipanga yenyewe. Musandam ikatoka bila mtu kuitetea. Kutoka Muscat tutashika njia ya pwani, kilomita kama 200 hadi Sur, kwa hiyo Hawiyat Najm iko njiani na mdogo atapata shimo lake. Wadi Shab vijana watakwenda wenyewe, maana kule unavushwa kwa mashua kisha unatembea juu ya mawe. Sisi wazee tutabaki Tiwi na samaki wetu. Sur tutakaa. Hatutapita, tutakaa, mpaka mama aseme basi. Usiku mmoja kutoka hapo watoto watakwenda Ras al-Jinz. Baadaye Bidiya, kisha Nizwa, tufike Alhamisi ili Ijumaa asubuhi tuwahi mnada wa mbuzi, mbuzi wakizungushwa na wenyewe, wanunuzi wakiita bei. Mume wangu amebakiwa na Nizwa, Bahla na Jabrin, ambazo hazipishani sana, na Falaj Daris, mfereji wa kale unaoleta maji Nizwa mpaka leo. Rustaq na Nakhal amezisamehe, ingawa kwa kuchelewa.

Pasipoti ya mama ilikuwa imebakiwa na miezi michache tu, nasi tulitakiwa tuwe na sita. Alikwenda mwenyewe kupiga picha mpya, amevaa buibui lake la sikukuu, na hakutaka kushikwa mkono.

Siku ya mwisho tumeiacha tupu, kwa amri ya ami. Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu ya Oman hujaa maji kwa ghafla na kukata barabara, hata pale ulipo wewe kukiwa kweupe, na watu wamepoteza maisha kwa kutaka kuvuka wakiogopa kukosa ndege. Siku ile ni ya kusubiri maji yapite. Mume wangu tayari amegundua kuwa Nakhal haiko mbali na Muscat, na kalamu nimemnyang'anya.