Wimbo wa Bei

Jamani, nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, kikombe mkononi, kashata bado iko mdomoni.

Ilikuwa hivi. Pale kijiweni dogo mmoja kawasha kispika chake, ukatoka ule wimbo wa Otis Redding, The Dock of the Bay. Mzee mzima nikakohoa. Huo ni wimbo wangu bwana. Marehemu baba akiusikia redioni alikuwa anaongeza sauti mpaka betri zinaomba msamaha. Nikawaambia vijana, nyie kazi yenu matusi tu, sikilizeni mwenzenu anaimba habari za bei.

“Bei?”

Ndiyo, bei. Si mnaisikia hiyo hapo? Jamaa kaenda mnadani kununua samaki. Hayo yanayochachatika kwa nyuma ni mafuta, kuna mtu anakaanga. Hao wanaopiga kelele ni madalali. Bei imemshinda, anaondoka zake anapiga mluzi. Miaka 40 natafsiri hivyo! Nimewatafsiria wapangaji wenzangu. Nimemtafsiria mke wangu enzi za uchumba. Nikamtafsiria na baba mkwe siku ya mahari, aone kwamba hata Marekani watu wanalia. Hakupunguza hata senti.

Dogo akashika simu. Hawa watoto wanatembea na majibu mfukoni. Akaanza kunisomea kwa sauti, hata muuza kahawa kaacha kugonganisha vikombe. Kumbe hiyo “bay” ni ghuba. Ghuba ya San Francisco. Jamaa katoka kwao Georgia, kaketi gatini, anaangalia meli zikija na kuondoka. Basi. Hanunui kitu. Mafuta yangu ni mawimbi. Madalali wangu ni shakwe, ndege wa baharini, walipachikwa baadaye na Steve Cropper, mpiga gitaa aliyemalizia kuutunga pamoja na Otis.

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga tangawizi yake. Akaimwagia wapi? Suruali yangu.

Dogo hakunionea huruma. Otis aliuanza mwaka 1967 huko Sausalito, akiwa anakaa kwenye nyumba inayoelea majini. (Yangu imejengwa nchi kavu, ila masika nayo inaelea.) Wakaurekodi Memphis, studio za Stax, jengo lililokuwa sinema zamani. Siku chache baada ya kumaliza, Desemba 10, ndege yake ikaanguka Ziwa Monona kule Wisconsin. Santuri ikatoka Januari 1968. Machi ikashika namba moja kwenye chati ya Billboard, na hapo kabla hakuna mwimbaji aliyewahi kuifikia akiwa ameshafariki. Umri wake, miaka 26.

Kijiwe kikawa kimya. Hata mimi nilisahau suruali. Miaka 26! Mimi nina 26 nilikuwa bado natumwa mkaa, na chenji narudisha pungufu.

Sasa ule mluzi. Inasimuliwa kwamba pale mwisho alikusudia kuchomekea maneno, maneno yakagoma kuja, akaamua kupiga mluzi. Wakauacha hivyo hivyo. Mtu kaishiwa maneno, na dunia nzima inamfuatisha mpaka leo! Hiyo ndiyo iliniingia, nikaondoka nayo kichwani.

Nikarudi nyumbani usiku, nanuka tangawizi, nasukuma geti polepole kwa sababu nina miezi miwili sijalipa kodi. Nikajisahau. Mluzi ukanitoka. Usiku! Wewe na mimi tumelelewa, tunajua mluzi wa usiku unaita nyoka. Huu haukuita nyoka. Uliita mama mwenye nyumba. Katoka na khanga yake, tochi yote usoni kwangu.

“Unamwita nani saa hizi?”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kodi yangu iko wapi?”

Nikafungua mdomo. Nikatafuta mgonjwa wa kumsingizia, nikakuta wote nimeshawatumia. Nikatafuta msiba, nao nilishauzika mwezi uliopita. Maneno hayakuja. Midomo ikajikunja yenyewe.

Mama wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, tochi haitikisiki.

“Umemaliza? Haya. Mwezi ujao chumba kimepanda bei.”