Sifa za Leva Iliyolegea

Waidakho, Waluhya wa magharibi mwa Kenya, hawajakosa vitu vya kusifu. Fahali wa kupigana husindikizwa hadi uwanja wa Malinya kwa ngoma ya isukuti, pembe na vigelegele, na ngoma hiyo imesifiwa hata na UNESCO, iliyoiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Haya. Lakini fahali huyo halimi hata hatua moja. Jembe na ng'ombe wa plau wakishindwa kuiwahi mvua ya Machi, trekta linaloitwa kulima hapa Iguhu ni Massey Ferguson 35 lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, na kinachoinua plau lake ni leva iliyo kando ya kiti, mkono wa kulia: imelegea, inateleza, haikai ilipowekwa. Hakuna aliyewahi kuipigia ngoma. Basi naipigia mimi.

Msifu huanzia kwenye ukoo. Mzee wa ukoo huu ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa kaskazini mwa Ireland, aliyerusha ndege aliyoiunda mwenyewe mwaka 1909, kisha akaamua kwamba fumbo la kweli liko shambani. Siku hizo plau lilikokotwa tu nyuma ya trekta. Likinasa kwenye jiwe, trekta liliweza kunyanyua pua na kumwangukia dereva kinyumenyume. Ferguson akalishika plau kwa mikono mitatu ya chuma na kuiachia haidroliki kazi ya kuliinua. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono, bila karatasi. Baadaye Ferguson aliishtaki kampuni ya Ford, na mwaka 1952 ikakubali kulipa dola milioni 9.25. Leva yetu, iliyofungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili isianguke, ni mjukuu wa kesi hiyo. Iheshimiwe.

Tena kulegea kwake si uvivu. Kule Trans Nzoia, kwenye mashamba makubwa, dereva hushusha plau na kwenda mpaka asahau kama leva ipo. Iguhu shamba la babu liligawiwa wana, wana wakawagawia wana wao, na sasa mfereji unaisha kabla dereva hajatulia kitini. Inua kwenye mparachichi, shusha. Inua kwenye kaburi la babu mwenyewe, shusha. Inua kwenye mpaka wa jirani anayetazama mlangoni akiwa amefunga mikono, shusha. Leva hushikwa zaidi ya usukani. Atakayetaka kujua ardhi ya hapa imekatwa mara ngapi aache ramani, aje atazame ilivyolika.

Kinacholika ni kidogo mno. Leva haibebi plau. Inaiambia valvu tu, na pampu husukuma oili, ileile ya giaboksi, hadi kwenye pistoni inayoinua mikono ya nyuma. Vishikizo vyake ni visahani vya msuguano, springi na nati. Visahani vikiisha, mtikisiko wa injini huitelezesha leva taratibu, na plau hushuka bila kuagizwa, kwa kawaida barabarani, mbele ya watu. Hapo ndipo ukarimu wake unapoonekana. Kijana mmoja hupata kazi ya kukaa juu ya madigadi na kuishika. Fundi wa jua kali hupata ya kuchonga kisahani kutoka kwenye lainingi ya breki iliyotupwa. Mchomeleaji huitwa kujaza tundu la pini lililopanuka, na wazee wanne hupata mahali pa kusimama na kushauri.

Sifa ninayoipenda zaidi ni uvumilivu wake wa kusingiziwa. Washa injini, inua plau, uiache leva bila kuigusa. Ikiteleza, kosa ni lake, na nati huenda ikatosha. Lakini ikibaki palepale huku plau likishuka, leva haina hatia: huenda oili inavuja ndani, kwenye pistoni au valvu, na mara nyingi kifuniko kizito cha nyuma hulazimika kufunguliwa. Gharama hiyo hakuna anayeitaka. Kwa hiyo wote hukubaliana kuilaumu leva, wakaikaza mpaka haisogei, na plau likaendelea kushuka.

Wapo wanaotaka itengenezwe ikatengenezeka: visahani vipya, springi mpya, ikae inapowekwa na bado itii mkono mmoja. Hao hawana wakwe. Mwenye trekta anayo orodha ya wakwe wanaotaka kulimiwa sasa na kulipa wakati wa mavuno, na katika heshima zote za Kiluhya hakuna neno la kumkatalia mkwe. Lakini "leva imekataa" husemwa bila kumkosea mtu, na mkwe mwenyewe huitikia kwa pole. Fundi anazijua familia za hapa. Akishafunga nati hadi mwisho, humtazama mwenye trekta, na wakati mwingine huirudisha nyuma nusu mzunguko.