Punda Alipohamia Jikoni

Kabla Cheamani hajahamia jikoni, boma letu lilikuwa na utaratibu. Watu walilala nyumbani, kuku kwenye jiko la mabati lililoko uani, mbuzi kwenye kibanda kilichoegemea ua wa michongoma, na paka popote alipojisikia. Cheamani, ambaye ni punda, alifungwa nje kando ya mkokoteni wake, na heshima yake haikupungua kwa sababu hiyo. Maji ya visima vingi vya huku Karagita yana floridi, ile inayowapa watoto meno ya kahawia, kwa hivyo maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi, na baba watoto huyatembeza kwa mkokoteni huo ploti hadi ploti kabla watu wa maua hawajapanda mabasi ya alfajiri. Mimi pia ni mtu wa maua. Nafunga waridi za kwenda Ulaya. Lakini hapa nyumbani kila mtu anajua karo hutoka kwa nani. Mshahara wangu mimi huishia dukani.

Balaa lilitoka mbali, China kabisa, ambako ngozi ya punda huchemshwa ikawa gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama dawa ya damu na ya kurudisha ujana. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini hadi vikafika vinne vyenye leseni, kimoja hapa Naivasha. Wezi wakapata kazi. Habari zikawa zilezile: fulani ameamka akakuta kamba tupu, fulani amekuta kichwa na kwato kichakani na ngozi imeshakwenda. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, tukapumua. Mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku. Baba watoto aliisikia hiyo redioni tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Mama, huyu mnyama atalala ndani."

"Ndani ya nini?"

"Jikoni."

Nilimwambia jikoni kuna kuku. Akasema kuku hawaendi China.

Basi Cheamani akaingia jikoni na kuku wakatoka. Sikujua kupika chai ya alfajiri huku mtu akikupumulia shingoni kunachosha hivyo. Alikula katoni ya unga, si unga wenyewe, katoni. Alikula ufagio. Mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Shosho kama watoto wanavyomwita, alikuja kutoka Kinangop kututembelea, akachungulia jikoni, akarudi kukaa kwenye kigoda na kusema kwamba enzi zao mwanamume aliyetaka kuoa mke wa pili alisema wazi.

Kuku hawakupewa makao mengine. Walijitafutia, wakapanda mgunga ulioko nyuma ya nyumba, mmoja wa ile miti ya gome la manjano iliyozunguka Ziwa Naivasha lote, wakalala juu kwenye matawi. Kulala hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mayai. Kuku asiye na kiota hutaga anapokumbukwa na yai: chini ya mkokoteni, ndani ya gumboti, kwenye beseni la nguo. Watoto wakajua kuyatafuta, na tumbili nao wakajua. Tena tumbili walianza kazi mapema kuliko watoto.

Kuhusu tumbili, nina jambo moja la kusema, na yeyote aliyekaa kando ya barabara ya Moi South Lake ataniunga mkono. Tumbili hamwogopi mwanamke. Baba watoto akitoka tu mlangoni, kundi zima linapanda mti. Nikitoka mimi na fimbo ileile, wanakaa, wananitazama, mmoja anaendelea kutoboa yai langu mbele ya macho yangu. Nilivaa koti la baba watoto na kofia yake, nikatembea kwa hatua zake. Lilisaidia hadi nilipofungua mdomo kuwafukuza.

Hapo ndipo ukaja uamuzi wa mbwa. Shemeji yangu alituletea mmoja kutoka mjini, tukamwita Askari. Mchana alikuwa na thamani yake: tumbili walihamia upande wa jirani, na jirani, Mama Boi, akaanza kunisalimia kwa ufupi. Usiku ndio Askari alipoonyesha kwamba ni mbwa wa mjini. Alimbwekea kiboko.

Ngoja nieleze kuhusu kiboko, maana watu wa mbali humjua kutoka kwenye boti za watalii, anapotoa masikio mawili majini na wageni wakapiga picha. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Giza likiingia hupanda nchi kavu kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na kabla ya mapambazuko hurudi ziwani. Ana njia zake na hazibadilishi kwa hiari. Lakini ufuo umejaa mashamba na mahoteli yenye seng'enge za stima, njia zimebanwa zikabaki chache, na mwaka 2020 ziwa lilipofura likameza nyasi za ukingoni, hata mtaa wa Kihoto kule mjini watu wakahama nyumba zikiwa zimejaa maji na viboko wakazunguka palipokuwa sebule. Njia mojawapo iliyobaki inapita kati ya michongoma yetu na shamba la Mama Boi. Hatukuwahi kugombana na mpita njia huyo. Alikata nyasi, tukasikia anavyozing'oa kwa midomo, tukageukia upande wa pili wa kitanda. Asubuhi tulikuta kinyesi kimetawanywa hadi kwenye kamba ya nguo, kwa sababu hukipepeta kwa mkia. Shosho ana hadithi yake, ile ambayo wazee wengi wanayo: kwamba kiboko alimwomba Mungu ruhusa ya kuishi majini, akaapa hatakula samaki, na ndiyo maana hutawanya kinyesi chake, ili Mungu akague kama kuna mifupa. Mimi husema angekaguliwa mbali na mashuka yangu.

Watoto wetu hufundishwa jambo moja kabla ya herufi: usisimame kati ya kiboko na ziwa. Ana tani moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi, na akiamua kukimbia huenda kilomita 30 kwa saa. Hakukimbilii wewe, anakimbilia maji, ila wewe ndiye uliye njiani. Askari hakuwa amefundishwa.

Usiku huo alibweka mpaka sauti ikakauka. Kisha tukasikia amebadilisha wimbo, ule mlio wa mbwa anayeomba msamaha, na miguu yake ikikimbia kuelekea nyumbani. Akapenya chini ya mlango wa jiko. Cheamani, aliyekuwa amelala kwa amani akilindwa dhidi ya wezi, akapata mbwa katikati ya miguu yake minne gizani. Punda hana maswali mengi. Teke la kwanza lilikung'uta sufuria zote ukutani. La pili likang'oa bati zima upande wa nyuma, nalo likaanguka kwa kishindo kama radi mita chache kutoka kwa kiboko, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anakula.

Baba watoto alishika tochi. Shosho akamshika baba watoto. "Hakuna anayetoka," akasema, na katika nyumba hii akisema yeye imesemwa. Tulisikiliza kwa masikio tu: michongoma ikivunjika, kibanda cha mbuzi kikilalia ubavu, kitu kizito kikishuka mteremko kwenda ziwani, kisha kishindo cha maji. Halafu mbuzi, wakitoka mmoja mmoja bila haraka, kupitia tundu ambalo gari dogo lingepita, moja kwa moja hadi kwenye sukuma wiki ya Mama Boi.

Alfajiri alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, mikono kiunoni, akitazama vishina.

"Mama, pole na usiku," nikaanza.

"Asante, jirani. Hizi meno ni za nani?"

"Kiboko amepita."

"Nimeona alikopita. Hakugusa hata jani. Hawa waliokula wana ndevu."

Maofisa wa wanyamapori walikuja wakapima nyayo, wapole sana, wakatuambia tufunge mbwa usiku na tusiwashe moto njiani mwake. Shosho aliwakalisha akawauliza kuhusu fidia. Wakamweleza kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imetaja shilingi milioni tano kwa aliyeuawa, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine; uharibifu wa mazao nao unaombewa fidia kupitia kamati ya kaunti. Shosho akafikiri. "Na sukuma iliyoliwa na mbuzi aliyefunguliwa na kiboko aliyeshtuliwa na punda?" Mmoja wao alifunga daftari akaomba maji ya kunywa.

Kesi ikaamuliwa pale uani. Mama Boi aliikataa pesa, akasema pesa huisha. Alitaka mitungi miwili ya maji kila asubuhi, bure, mpaka sukuma mpya ivunwe. Baba watoto akanung'unika kwamba sukuma hiyo imechumwa kila Jumamosi na haikuwa imebaki na kitu. Shosho akamwambia aongeze mtungi wa tatu kwa mdomo wake. Nilimwona Mama Boi akijizuia kucheka, na tangu siku hiyo salamu zetu zimerudi urefu wake wa kawaida.

Bati lilirudishwa kwa misumari mirefu na Cheamani yuko jikoni mpaka leo. Askari hulala humohumo, kwenye kona iliyo mbali kabisa na miguu ya nyuma, na habweki tena baada ya magharibi. Tumbili wamegundua kwamba amestaafu. Mayai yakawa hayaonekani tena, si gumbotini, si kwenye beseni, nami nikayahesabu yote kwa tumbili, mpaka siku nilipoinama kufagia chini ya kitanda cha kifungua mimba wangu nikakuta katoni tatu zilizotandikwa nyasi na kuku wametulia ndani, kila mmoja na kiota chake. Alikuwa akiwapitisha dirishani jioni. Daftari lake la hesabu lilikuwa na orodha ya wateja, wa kwanza akiwa Mama Boi.

Nikamwambia anipe mayai manne ya chai ya jioni. Akaniuliza kama nina pesa mkononi au nataka aandike.