Namna ya Kujiongezea Roshani Dubai Marina Bila Kugusa Ukuta

Umepata fleti ghorofa za juu, Dubai Marina. Chini kuna maji na boti za matajiri, na picha zimeshafika Mombasa na Unguja. Sasa roho inataka zaidi: kuizungushia roshani vioo iwe chumba, kuweka turubai la kivuli, kufunga dishi. Kutamani si kosa. Sogea nikuonyeshe njia ya mkato.

1. Jua mpaka wako. Sheria Na. 6 ya mwaka 2019 ya Dubai, inayohusu majengo yenye wamiliki wengi, inahesabu kuta za nje kuwa mali ya wote. Hata kama ulinunua kwa fedha taslimu, sura ya jengo si yako peke yako. Usipambane nayo. Ipitie pembeni.

2. Weka drili chini. Kelele zake zitamfikia msimamizi wa jengo kabla hujamaliza tundu la kwanza. Hata ukifanya kimyakimya, wasafisha vioo watashuka na kamba zao na kuona kila ulichofunga. Nenda soko la Dragon Mart ununue vitu vinavyosimama vyenyewe: viti vya kukunja, zulia la nje, vyungu vizito vya maua. Visizidi kimo cha ukingo, na kwanza usome kanuni za jengo lako zinasemaje kuvihusu. Mwenye watoto aviweke mbali na ukingo, kwa sababu mtoto hupanda chochote.

3. Piga picha kuelekea majini. Kiti kimoja, kikombe cha kahawa, minara ikiwaka taa jioni. Hakuna atakayeuliza roshani ina mita ngapi.

4. Nguo zianike ndani. Mwaka 2021 Manispaa ya Dubai iliwakumbusha wakazi wasianike nguo wala kufunga madishi kwenye roshani. Kiyoyozi kinakausha kanga usiku mmoja, bila vumbi la jangwani. Badala ya dishi, mpira na taarifa ya habari ya nyumbani viangalie kwa intaneti.

5. Kuchoma nyama kwa mkaa kwenye roshani hakuna njia ya mkato. Hapa nakuomba unisikilize kwa moyo wote. Mnara wa Torch, hapo hapo Marina, uliungua Februari 2015, ukaungua tena Agosti 2017. Ng'ambo ya barabara, Jumeirah Lake Towers, jengo la Tamweel liliungua Novemba 2012, na polisi walisema chanzo ni kipande cha sigara. Minara mingi ya miaka hiyo ilivikwa paneli za alumini zenye plastiki katikati, na moto ulipanda nazo ghorofa hadi ghorofa. Mishikaki ipeleke bustani ya Al Mamzar, kwenye majiko ya kuchomea. Utawaalika watu wengi zaidi, na watoto wa jirani yako watalala salama.

6. Bado unataka vioo? Basi omba, ujiandae kukataliwa kwa heshima. Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aandike kwa kampuni inayosimamia jengo, aambatanishe mchoro wa mkandarasi mwenye leseni, asubiri NOC (barua ya kutokuwa na pingamizi) mkononi kabla ya kulipa hata senti ya vioo. Wakikubali, umeshinda. Wakikataa, umeokoa gharama mbili: ya kujenga na ya kubomoa. Wageni waambie, "Maombi yangu yamefika kwa uongozi." Ni kweli, na inapendeza masikioni kuliko kusimulia faini.

7. Ukihama, ondoka na kila kitu. Kunja viti, viringisha zulia, gawa maua kwa majirani. Piga picha kuta zote zikiwa safi, kisha, kama ulikuwa mpangaji, dai amana yako ya pango mpaka dirham ya mwisho. Hukutoboa, hivyo kwa kuta hawana cha kukukata.