PCB au Aibu

Katika ukoo wetu mimi ndiye mfano. Mtoto akivutana na mzazi wake kuhusu masomo, iwe Bunda, Butiama au hapa Musoma mjini, napigiwa simu niende. Si kwamba nina hekima. Naitwa ili nionyeshwe. "Mtazame baba yako mdogo," wanamwambia mtoto. "Alitaka kupiga gitaa, babu yako akakataa. Leo ni mhasibu, ana cheki namba." Mimi natikisa kichwa na kumalizia soda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nafurahi, na nauli ndiyo kabisa haiulizwi.

Safari hii kesi ilikuwa Nyasho, kwa kaka yangu anayefanya biashara ya dagaa. Kijana wake amemaliza kidato cha nne na matokeo si haba: fizikia B, kemia na baiolojia C za kudra ya Mungu. Kaka anataka kidato cha tano asome PCB, yaani udaktari. Kijana anataka injini za mitumbwi. Tangu shule ya msingi anashinda na mafundi mwaloni Mwigobero, na kucha zake hazijatakata tangu hapo. Nilimkuta uani amechuchumaa, kabureta imefunguliwa juu ya kipande cha gunia, anasugua vitundu vyake kwa mswaki mkuukuu uliochovywa petroli.

"Shikamoo baba mdogo," akasema bila kuinua macho. "Hapa pakiziba kidogo tu, mtu analala ziwani."

Injini yenyewe ya nani? Ya baba yake. Anayeukataa ufundi ndiye mteja wa kwanza, tena asiyelipa.

Kikao kikaanza. Nikajaribu kupatanisha: basi achukue PCM, awe mhandisi. Kaka akanitazama kwa huruma. "Mhandisi ni fundi aliyevaa kofia." Nikasema VETA ipo hapahapa Musoma. Shangazi akajiziba mdomo kwa kanga kana kwamba nimetaja ugonjwa wa siri mbele ya watoto. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano mpaka zikafika 65, za michezo na sanaa zikiwemo. Kwa kaka yangu zipo mbili: PCB na aibu.

Nisimwonee. Dagaa huvuliwa usiku wa giza; mbalamwezi ikitoka, kazi imelala na madeni yameamka. Mtu ambaye kipato chake kinapangwa na mwezi wa angani lazima autamani mshahara wa mwisho wa mwezi. Anapomwambia mwanawe "sitaki uteseke kama mimi," hasemi uongo.

Ila hasemi yote. Siku ya sherehe ukumbini, MC anapoita "mzazi wa daktari apite mbele," anayepita mbele si daktari. Kaka ameshapanga hata suti. Na mbona tunaye kijana wetu mwenye shahada ya ualimu, anaendesha bodaboda Bunda, kila nafasi zikitangazwa anatuma maombi na kurudi kijiweni? Huyo alimsikiliza baba yake neno kwa neno. Sijawahi kuona ameitwa kikaoni kuwa mfano.

Hoja zilipokwama, akaletwa Mwalimu. Huku Mara ndivyo tulivyo: aliyeishiwa maneno humtaja Nyerere. Kaka akasimama, akamsimulia kijana jinsi mtoto wa Butiama, aliyezaliwa 1922, alivyochunga mbuzi, akaanza shule Mwisenge hapa mjini akiwa na miaka 12, akaenda Tabora, akaenda Makerere, akarudi na shahada ya Edinburgh mwaka 1952. Hapo akaketi, ameshinda.

"Halafu 1955 ikawaje, baba?" kijana akauliza.

Kimya. Maana 1955 mwenye shahada huyo aliacha ualimu pale Pugu, kazi yenye mshahara, ana mke na watoto, akashika siasa ya TANU. Hebu fikiria angekuwa wa ukoo wetu. Kikao kingeitishwa kabla hajavua viatu. Shangazi angeuliza: "Hiyo TANU ina kiinua mgongo?" Mimi ningepigiwa simu niende nikaonyeshwe. Na bora tusingejua ya baadaye: rais mzima anakaa anafasiri Shakespeare, Julius Caesar inatoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Nchi haijatimiza hata miaka miwili, tungesema, yeye anaandika tamthilia! Mwaka 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akalalamikia shule zinazomfanya mtoto aidharau kazi ya mikono. Picha ya Mwalimu kaka ameitundika sebuleni, waraka hajautundika.

"Dagaa wameshakauka upande mmoja," kaka akasema, akatoka kwenda kuwageuza.

Uamuzi, kumbe, ulikuwepo tangu asubuhi. Alikuwa ameshakwenda steshenari, akafungua mfumo wa kuchagua tahasusi kwa nywila anayoijua yeye peke yake, akabadili machaguo yote ya mtoto, akalipia huduma, akarudi kutukaribisha kikaoni. Nikamuuliza sasa sisi tumeitiwa nini. "Mumwambie," akajibu. Yaani tulikuwa wapiga mhuri.

Basi nasema hapa nilichonyimwa nafasi ya kusema kule. Mzazi ana haki ya kuuliza: utakula nini, utalala wapi, hao mafundi wanapata shilingi ngapi kwa wiki? Amtume mtoto akaulize mwaloni alete hesabu, nami mhasibu nitaikagua bure. Ikigoma, tuzungumze. Lakini atakayekesha na kemia ni mtoto, na nywila apewe yeye. Ziwa letu ni kubwa na giza lake ni nene. Injini ya kaka ikizimika katikati usiku, nina hakika hatapiga simu hospitali.