Namna ya Kuliokoa Jiji la Arusha Bila Kutoka Ukumbini

Hongera kwa uteuzi. Kuanzia leo wewe ndiye mratibu wa kulifikisha jiji letu kwenye maendeleo endelevu. Kazi isikutishe. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa mwaka 1967, mkataba wa amani ya Burundi ukasainiwa hapa Agosti 2000, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Mji uliozoea mikutano kiasi hiki utashindwaje na takataka? Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Kodi ukumbi
Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC) kipo tangu 1978, na majengo yake yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Ukishaingia tu, umekaribia mazingira. Agiza bango, kofia na fulana zenye kaulimbiu mgongoni, zikipauka zitatumika kudekia. Weka chupa ndogo ya maji mbele ya kila mshiriki, na baada ya chai weka nyingine. Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya plastiki, chupa haikuguswa. Kunywa kwa amani.

Hatua ya 2: Chuja wadau
Alika wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Kuwa macho, maana mjini kuna watu wanaofanya kazi yako bila barua ya uteuzi. Chukua fundi katambuga. Anashika tairi lililokwisha, analikata kwa kisu anachokilowesha maji kila mara kisinase, anachonga soli kufuata mguu wako, anagongelea mikanda kwa misumari midogo, na wewe unavaa mpaka unachoka mwenyewe. Andiko la mradi hana. Mtu wa hivyo atachangia nini kwenye mjadala?

Mwokota chupa naye asubiri getini. Kikao kikiisha atabeba zile chupa zako akaziuze kwa kilo. Kwenye ripoti andika kwamba vijana walishirikishwa.

Hatua ya 3: Hamasisha nishati safi
Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa Taifa nao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Omba haraka ziara ya mafunzo Ulaya.

Lolote utakalofanya, usikanyage CAMARTEC. Ni taasisi ya Serikali, ipo hapahapa Arusha, ilianzishwa 1981, na mtambo wake wa kuba wa kuzalisha gesi ya samadi unajulikana hadi nje ya nchi. Ukienda kuuona, safari ya Ulaya utaiteteaje? Mtambo wenyewe hauna hata mvuto wa picha, kwa kuwa umefukiwa. Kinyesi kinakorogwa na maji, kinaingizwa shimoni, gesi inapanda jikoni kwa bomba, na tope linalobaki linarudi kwenye migomba. Huku kwenye miteremko ya Mlima Meru mashamba ni madogo na ng'ombe wengi wanakatiwa majani zizini, kwa hiyo mali ghafi iko mlangoni.

Kikwazo ni kwamba mkaa unauzwa hata kwa kopo, ila hakuna anayekuuzia robo ya mtambo. Mtu asiye mtaalamu angesema basi tuwakopeshe wananchi walipe kidogokidogo. Wewe ni mtaalamu; andaa warsha ya kujenga uelewa.

Hatua ya 4: Zungumzia maji kwa tahadhari
Meru ni volkano, na miamba yake inaachia madini ya floraidi yanayotia meno yetu rangi ya kahawia. Hapa kuna hatari ya kukuta mambo yamefanyika. Mradi mkubwa wa maji wa takribani Sh520 bilioni, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alipewa tuzo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Wenyeji kama hao usiwataje mpaka mgeni awataje kwanza.

Hatua ya 5: Shika ufagio
Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Fagia Mnara wa Saa, ambao akina mama wa jiji wameshaufagia alfajiri. Mto Naura upigie picha ukiwa darajani; ukishuka utaharibu viatu.

Hatua ya 6: Pitisha maazimio, lakini kwa siri
Watu wa Mlima Meru si wa kuchezea. Wameru walipofurushwa Ngarenanyuki mwaka 1951 kuwapisha walowezi, hawakungoja mratibu. Walichangishana wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi yao. Wajukuu wao wakijua bajeti ya chai yako ingejenga mitambo mingapi ya gesi, watakuja ukumbini bila mwaliko, na viti vya mbele watakalia wao.

Kwa hiyo ripoti iandike kwa Kiingereza, na mchanganuo wa matumizi uweke kiambatisho cha mwisho.