Hodi Baada ya Kuondoka

Sheria ya Marekani iitwayo PATRIOT ilisainiwa tarehe 26 Oktoba 2001, siku 45 baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Ilikuwa na kurasa zaidi ya 300. Katika Seneti aliikataa Russ Feingold peke yake. Wenzake 98 walioipitisha yaelekea ni wasomaji hodari.

Kifungu cha 213 kiliwaruhusu askari wa shirikisho kuingia nyumbani kwa mtu akiwa kazini, wakapekua makabati, kisha wakamwarifu baadaye: yaani hodi hupigwa mgeni akishaondoka. Ruhusa iliombwa kwa ajili ya magaidi, ikatumika zaidi kwa kesi za dawa za kulevya.

FBI nayo iliweza kudai kumbukumbu za watu kwa barua yake yenyewe, bila hakimu, na mpokeaji akafungwa mdomo. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut waliipinga barua ya namna hiyo mahakamani. Kwa kuwa utambulisho wao ulikuwa siri, waliitazama kesi yao wenyewe kwenye televisheni, katika chumba cha mji mwingine. Waliruhusiwa kusema mwaka 2006 tu. Bunge lilikuwa limeshamaliza kuihuisha sheria mwezi Machi.